Nesi wa Draya

Chai ilipoungua kwa mara ya nne, Abdulsalam Halfan hakupiga simu. Alipanda mwenyewe kutoka Makambako, kilomita sitini za lami na tano za matope ya Aprili, akaingia chumba cha kukaushia bila kujipangusa viatu, akachota konzi ya chai kwenye mdomo wa draya na kuinusa. Kisha akaimwaga mezani kwa Anneth Mligo, juu ya karatasi zake.

"Itengeneze, uinywe," alisema.

Anneth aliokota punje moja, akaisaga kwa ukucha. Ilinuka mkaa.

"Sanduku lako au watu wangu?" Abdulsalam aliuliza.

"Bado sijajua."

"Wiki ya tatu, bado?"

"Kujua na kudhani ni mambo mawili, Bwana Abdulsalam."

"Kwangu ni moja. Yote mawili yanaunguza chai." Aligeuka ili wote waliokuwa mle ndani wamsikie. "Ijumaa baada ya swala nakusubiri ofisini kwangu. Uje na karatasi yenye jina. Ikiwa sanduku ndilo lenye kosa, linang'oka. Ikiwa ni mtu, anang'oka yeye, na haki zake zinabaki hapa. Leo Jumatatu."

Kando ya tanuri, Nahumu Kiswaga, msimamizi wa draya, alisukuma gogo motoni kwa mguu na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kiwanda kile kilikuwa cha serikali mpaka mwaka mmoja nyuma, 1996, kilipouzwa. Abdulsalam, aliyekuwa na malori ya kwenda Songea na Tunduma, alikinunua yeye na ndugu zake. Hakujua chai, ila alijua kuhesabu watu, na kwenye draya aliwaona sita: wawili wa kuni, wawili wa mlango wa hewa, mmoja wa kusoma kipimajoto na Nahumu wa kuwapigia kelele wote. Ndipo akasikia kwamba yuko binti wa Kibena, mhadhiri msaidizi chuoni Dar es Salaam, aliyebuni kompyuta ndogo ndani ya sanduku, kubwa kidogo tu kuliko Biblia, inayoweza kuifanya kazi hiyo na watu wawili.

Kubuni kulikuwa kumemchukua Anneth miaka mitatu. Kihisi kilisoma joto la hewa inayotoka kwenye draya, chipu ikalilinganisha na nyuzi hamsini na nne zinazotakiwa, na mota ikafungua au kufunga mlango wa hewa wa tanuri. Joto likishuka, mlango ulifunguka na moto ukapanda. Likizidi, ulifungwa. Kila dakika sanduku liliandika katika kumbukumbu yake lilichokiona na lilichokitenda. Kwenye karakana ya chuo lilikuwa limekwenda saa mia tisa bila kosa. Sasa lilihitaji msimu mmoja katika kiwanda cha kweli, mpaka mwisho wa Juni. Bila vipimo vya msimu huo, tasnifu yake isingekuwa na sura ya tano, na bila sura ya tano isingekuwa tasnifu. Kiwanda kingine kilichokubali hakikuwepo.

Wafanyakazi waliliita sanduku lile Nesi, kwa kuwa lilipima joto na halikutibu mtu.

"Nesi wako anasemaje leo?" Nahumu alimwuliza gari la Abdulsalam lilipoondoka. "Ana homa yeye, au sisi?"

"Shikamoo, Mzee Nahumu," alisema Anneth, kwa sababu siku hiyo walikuwa hawajasalimiana.

"Marahaba." Aliitikia akiutazama moto. "Miaka kumi na tisa nimekausha chai hapa kwa pua yangu. Sikuwahi kuunguza siku nne katika wiki mbili. Andika hilo kwenye karatasi yako."

"Nitaliandika. Nimekwisha kuliona kwenye daftari la kiwanda. Mwaka 1989 uliunguza siku tatu."

Wale wa kuni waliangua kicheko. Nahumu hakucheka.

Anneth aliamini kwamba kuna mkono wa mtu. Hakulikubali wazo hilo kwa sababu tu lilimfaa, basi akaenda kulikagua kama angekagua la adui. Usiku alikuwa akilala mjini Njombe, katika nyumba ya wageni ya kanisa, na huko aliitandaza michoro ya kumbukumbu kitandani. Siku zote nne zilifanana. Saa moja na nusu asubuhi joto lilianza kushuka: hamsini na nne, hamsini, arobaini na sita, arobaini na tatu. Mlango ulifunguka wote. Saa tatu na nusu joto lilianza kurudi lenyewe, taratibu, na kufikia saa nne mchoro ulikuwa umenyooka kama hakuna kilichotokea. Chai iliyopita mle kati ya saa hizo ilikuwa ndiyo iliyoungua.

Hapo palikuwa na jambo lisiloingia akilini. Draya iliyopoa haiunguzi chai. Ama chai ilikuwa inadanganya ama kihisi, na chai haina sababu ya kudanganya.

Alipanga siku za kuungua kandokando na siku za mvua, ambazo alikuwa akiziandika kwa mazoea tu. Siku zote nne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jumapili moja mvua ilinyesha vilevile, draya ikawashwa kumalizia majani ya Jumamosi, na chai haikuungua. Siku kavu chai haikuungua kamwe. Kwa hiyo ilikuwa mvua, lakini mvua ya siku za kazi tu. Mvua haijui Jumapili. Watu ndio wanaoijua.

Aligundua pia kitu kilichomkera zaidi: saa moja na nusu yeye hakuwahi kuwepo. Wiki ya kwanza, iliyokuwa kavu, alifika alfajiri kila siku. Tangu hapo alikuja na gari la ofisi, ambalo liliondoka mjini saa tatu na kufika karibu saa nne. Alikuwa akiwasili kila siku ushahidi ukimalizika.

Alhamisi mvua ilianza kabla ya kucha. Anneth aliondoka saa kumi na moja kwa miguu. Njiani alijiunga na wanawake wa ghorofa ya kunyaushia majani, waliotoka vijijini wakiwa wamejifunika makoti mazito ya mitumba. Hawakumpisha wala hawakumfukuza. Aliposema "Kamwene," waliitikia wote kwa pamoja, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba amekohoa tu.

Aliyetembea karibu naye alikuwa Telesia Mlowe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchanja kuni.

"Leo gari limekufa?" Telesia aliuliza.

"Limelala."

"Na wewe umeona uje ukalowe na mbuzi wenzio."

"Nimekuja kuona chai inavyoungua."

"Si uikalie tu ofisini? Huko si ndiko mnakoionea?"

Walifika saa moja na dakika kumi. Anneth alikuwa ameloa mpaka mifupani, na meno yakimgongana. Telesia alimtazama kwa dharau ya mtu anayemtazama mtoto asiyejua kujifuta kamasi, akanyoosha mkono.

"Lete koti."

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Msomi huyu! Unataka ulivae hivyo hivyo mpaka jioni ufe, watuambie tumekuua? Lete."

Alilivua. Telesia akalitupa begani pamoja na la kwake, akazunguka nyuma ya jengo kupitia rundo la kuni, na wengine wakamfuata kwa mstari, kila mmoja na koti mkononi. Anneth akawafuata.

Nyuma ya ukuta, chini ya kipenu cha mabati, bomba la kutolea hewa ya draya lilitoka nje na kulala mlalo kiasi cha hatua nne kabla ya kupanda juu. Lilikuwa bomba pana la bati, lenye joto la kupendeza mkono. Wanawake walitandaza makoti juu yake, moja juu ya jingine, na maji yakaanza kuchuruzika na kufuka mvuke. Anneth aliyahesabu. Yalikuwa kumi na manne, na la kwake likiwemo. La kwake lilikuwa limefunika kihisi.

Alikuwa amekifunga yeye mwenyewe mahali pale, wiki ile ya kwanza, jua likiwaka. Kihisi kirefu cha kuzama katikati ya hewa hakikuwa kimefika kutoka ng'ambo, basi akafunga kile kifupi juu ya ngozi ya bomba, na karakanani kilikuwa kimetoa jibu lile lile. Karakana ile ilikuwa Dar es Salaam, nyuzi thelathini na mbili kivulini. Hakuna mtu aliyewahi kuingia mle na koti, seuze lililolowa.

Hakuliondoa. Alitoa kipimajoto cha kioo, akakiingiza katika tundu la kusafishia bomba, akasimama pale saa mbili nzima akitetemeka, akiandika kila baada ya dakika tano. Hewa ya ndani ilipanda: hamsini na nne, hamsini na tisa, sitini na saba. Kwa saa ile ile, Nesi aliiona arobaini na tatu na kuagiza moto zaidi. Saa tatu na nusu makoti ya kwanza yalikuwa yamekauka. Wanawake walikuja kuyachukua mmojammoja, kwa kuwa ghorofa ya kunyaushia ni baridi kama pango, na saa nne bomba lilikuwa tupu.

"Siku zote huwa mnaanika hapa?" alimwuliza Telesia.

"Siku zote tangu lini? Tulikuwa na chumba chetu. Kina jiko, kina misumari ya kutundikia, kila mtu na wake. Huyu bwana wa Makambako aliponunua akakifunga. Kaangalie alichoweka."

Anneth alikwenda. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa na kufuli, lakini dirisha halikuwa na kioo. Ndani kulikuwa na matairi ya malori mpaka darini.

Alimkuta Nahumu amekaa juu ya gogo, akimenya kiazi cha kuchemsha.

"Ulijua," alisema Anneth.

"Nilijua nini?"

"Kwamba makoti ndiyo yanayokiharibu kihisi."

Nahumu alimaliza kumenya kwanza. "Siku ya kwanza tu. Nilinusa chai, nikaenda nyuma, nikaona koti la Telesia limekalia kile kidude chako. Nikasema, basi, Nesi amefunikwa uso."

"Na hukusema."

"Hukuniuliza." Alitafuna kidogo. "Ulikuja hapa na daftari, ukaniuliza mota ina nguvu gani, mlango unafunguka kiasi gani, kuni zinaingia ngapi kwa saa. Ukaandika vizuri sana. Uliniuliza nani anapita wapi? Uliuliza watu wanakaukia wapi? Mimi kwako ni namba ya kuni."

"Ningeuliza, ungenijibu?"

"La." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nikuoneshe jinsi ya kumponya anayekuja kunitoa kazini? Wewe binti wa Mligo, baba yako alikuwa mwinjilisti, na shule uliyosomea tulifyatua tofali zake kwa mikono hii. Leo umerudi na kisanduku kinachosema sita wawe wawili. Acha kiungue."

"Chai imeungua siku tano sasa, na hii ya leo. Wangekufukuza kwa ajili ya hizo."

"Wangefukuza sanduku. Nilikuwa nangoja."

"Ulikosea hesabu. Bwana Abdulsalam hataki kulifukuza sanduku. Anataka jina."

Kiazi kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Kisha kikaendelea.

"Basi mpe," alisema Nahumu. "Si unalo?"

Anneth aliandika taarifa usiku kucha, kurasa tisa kwa mkono, na karatasi ya kaboni chini ili abaki na nakala. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba kihisi kilifungwa vibaya, na kwamba mbunifu alichora mpaka wa mfumo wake kuzunguka mashine, akawaacha nje watu wanaoishi nayo. Aliandika jina lake: A. Mligo. Ukurasa wa nne ulisema kwamba msimamizi wa draya, N. Kiswaga, alijua sababu tangu siku ya kwanza akanyamaza kwa kusudi. Wa sita ulisema kwamba makoti yalihamia kwenye bomba baada ya mmiliki, A. Halfan, kukifunga chumba cha kubadilishia nguo na kukifanya stoo ya matairi. Zilizobaki zilikuwa vipimo. Alisoma tena akitafuta neno lolote ambalo hangeweza kulithibitisha. Alipata moja, "chuki," akalikata.

Ijumaa alishuka Makambako. Ofisi ya Abdulsalam ilikuwa juu ya duka la vipuri, karibu na njia panda, na kila lori lililopita lilitetemesha glasi mezani. Alisoma kurasa zote tisa bila haraka, kanzu yake ya swala ikiwa bado mwilini. Hakuwa mjinga. Alirudi ukurasa wa sita mara mbili.

"Nimeagiza jina, umeniletea insha," alisema.

"Majina yamo, matatu."

"La tatu ni langu."

"Ndiyo."

"Kwenye kiwanda changu, karatasi ya mezani kwangu, jina langu." Aliirudisha juu ya meza kwa kidole kimoja. "Dada Anneth, sikiliza. Sanduku lako ni zuri. Nimeelewa sasa: ukifunga kile kidude kirefu, makoti yaanikwe yasianikwe, linafanya kazi. Sivyo?"

"Huenda. Lazima kupima."

"Utapima. Utapima mpaka Juni, utapima mwaka mzima ukitaka, na nina jamaa wawili wenye viwanda Mufindi nitawaita waje waone. Mimi nataka mistari miwili tu. 'Nahumu Kiswaga alijua kasoro akaificha kwa makusudi, chai ikaungua.' Uongo?"

"Si uongo."

"Basi saini."

"Mistari miwili hiyo ni kweli, na karatasi yenye mistari miwili hiyo peke yake ni uongo."

Abdulsalam alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Haya ndiyo wanayowafundisha huko? Yule mzee angekuchoma wewe pamoja na sanduku lako kama ungetosha tanurini. Unamtetea?"

"Simtetei. Yumo ukurasa wa nne."

"Bila karatasi ya mtaalamu, kamati ya wafanyakazi haitaniruhusu nimtoe bila haki zake. Unajua hilo?"

"Najua. Ndiyo maana karatasi inatakiwa iwe kamili."

"Kamili siitaki." Alifungua droo, akatoa funguo za gari, akasimama. "Basi sijapokea chochote kwako. Kesho sanduku litoke kiwandani kwangu. Nahumu atalifungua mwenyewe, atafurahi. Na Dar es Salaam uwaambie walikufundisha kila kitu isipokuwa kuishi na watu."

Lori la Songea lilipita chini, glasi ikalia. Anneth alipanga kurasa zake, akazitia kwenye bahasha. Katika basi la kurudi Njombe aliihesabu hasara yake kama alivyohesabu kila kitu: vipimo vya wiki tatu, siku tano kati ya hizo zikiwa za kuungua. Havitoshi sura ya tano. Alijaribu kuipata njia ambayo ingetosha, kijiji baada ya kijiji, na mpaka basi linaingia stendi hakuwa ameipata.

Jumamosi alimkuta Nahumu amekwisha kuanza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, bisibisi mkononi, akilifungua kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika. Chumba kizima kiliacha kazi kutazama.

"Nesi anastaafu," mmoja wa watu wa kuni alisema. "Mpigieni makofi."

Hakuna aliyepiga. Habari zilikuwa zimeshuka kutoka Makambako na dereva wa gari la majani, na kila mtu alijua nusu yake.

"Waya mwekundu kwanza," alisema Anneth. "Ukianza na mweusi utafuta kumbukumbu."

Nahumu aliusogeza mkono wake kwenye waya mwekundu. Walifanya kazi hivyo mpaka mwisho, Anneth akiamuru na mzee akitii kwa meno yaliyobanwa. Sanduku lilipotoka, Nahumu alilikabidhi bila kuliangalia.

"Nasikia umenitaja."

"Nimeandika ulichofanya."

"Na hukusaini alichotaka."

"Hapana."

"Usingoje asante."

"Sikuja kuichukua."

Nahumu alijipangusa mikono kwenye suruali, mmoja kisha mwingine. Jumanne ijayo kamati ya wafanyakazi ilikuwa na kikao juu ya chai iliyoungua, na wote mle ndani walilijua hilo. Alipozungumza tena alihamia Kibena, sauti ikiwa chini, bila kupoteza ukali wake hata kidogo.

"Nipe hiyo karatasi. Anasema hajaipokea. Basi mimi naipokea."

"Ina jina lako."

"Ina la kwake pia."

"Na langu," alisema Anneth. "Utaipeleka yote au hutaipeleka kabisa. Ukichomoa ukurasa mmoja nitakuja kwenye kikao chenu mwenyewe na nakala yangu, niusome mbele yao."

"Najua ungekuja. Mtu wa namna yako angekuja."

Anneth alitoa bahasha. Kisha, kwa kuwa alikuwa alivyokuwa, akafungua daftari lake na kuandika: Zimepokelewa kurasa tisa. Akamsukumia na kalamu.

"Zihesabu kwanza."

Nahumu alilowesha kidole. Alizihesabu polepole mbele ya chumba kizima, moja mpaka tisa, akaanza upya, na alipofika kwenye wa nne akasimama hapo hapo, akausoma wote mpaka chini, midomo ikitembea. Halafu akaweka sahihi.